Viatu vya wodini: elfu sitini inunue nini?

Una elfu sitini mkononi, kisigino kinawaka moto kila ukishuka kitandani, na matroni ameshasema lake: viatu vyeusi, vinavyofunika mguu mbele na nyuma, kisigino kifupi, visivyopiga kelele. Raba za rangi hapana. Yeboyebo hapana. Zamu yako inaanza Jumatatu.

Jibu la haraka ni hili. Usinunue simpo, kile kiatu chepesi cha kike kilicho bapa. Usiongeze pesa kwa sababu tu boksi limeandikwa kuwa viatu ni vya wauguzi. Usinunue soli za jeli kabla hujapima urefu wa mguu wako kwa rula. Mwenye bajeti isiyofika laki moja atafute kiatu cheusi cha ngozi, cha kamba au cha mkanda, kipana kwenye vidole, kigumu nyuma, chenye soli nene ya mpira, na ambacho soli yake ya ndani inatoka. Kiwe kipya au cha mtumba, hilo tutaliona. Bei zote hapa ni za kukadiria kwa Dar es Salaam. Ukiwa Songea au Bukoba weka na nauli ya mzigo, na popote ulipo, bei ya kwanza anayotaja muuzaji ni ya kuanzia mazungumzo.

Kabla ya kwenda dukani, isome karatasi. Pesa ya kwanza hupotelea hapa: mtu ananunua kiatu kizuri, anakivaa zamu ya asubuhi, anarudishwa mlangoni. Angalia fomu ya kujiunga na chuo au mwongozo wa sare wa hospitali yako. Mara nyingi unataja rangi na umbo tu, yaani vyeusi (kwingine vyeupe), vya kufunika, visigino vifupi. Hausemi lazima viwe mokasini au viatu vya ofisi. Kwa hiyo raba ya ngozi nyeusi tupu, nyeusi hadi soli na kamba, inaweza kupita, na hiyo ndiyo rafiki mkubwa wa mguu unaouma. Inaweza pia isipite, kwa sababu msimamizi wa zamu ana tafsiri yake.

Dawa ni kuuliza kabla ya kulipa. Kipige kiatu picha, mtumie matroni kwa ujumbe wa simu, ili jibu libaki limeandikwa. Kama una tatizo la mguu linalojulikana, ambatanisha barua ya daktari inayosema unahitaji kiatu cha aina gani, isiwe inasema tu kwamba mguu unauma. Kisha elewana na muuzaji: kikikataliwa kazini, nabadilisha kabla sijakikanyagia nje. Risiti nyingi za Kariakoo zina yale maneno ya chini, mali ikishauzwa hairudishwi. Makubaliano ya mdomo baada ya kulipa hayana nguvu yoyote.

Kuna sehemu ya sheria hizi ambayo haifai kubishaniwa. Mguu wa wodini hukutana na sindano iliyodondoka, damu, dawa iliyomwagika na gurudumu la kitanda. Kiatu chenye matundu juu, hata kingekuwa laini namna gani, kinapitisha sindano, damu na dawa. Bishania mstari mweupe kwenye soli ukitaka. Matundu usiyabishanie.

Sasa tuone sokoni kuna nini.

Simpo ni elfu kumi hadi ishirini. Kinapatikana kila kona, hata kituo cha daladala. Soli yake ni nyembamba kiasi kwamba unahisi mfereji wa vigae, nyuma hakina ugumu wowote, na ili kisivuke mguuni lazima kikubane vidole. Miezi mitatu ya wodi inakitosha. Mtu mwenye maumivu ya kisigino asikiguse hata kwa kupewa bure.

Viatu vya ofisi vya ngozi ya bandia, vipya, ni elfu ishirini na tano hadi arobaini. Sifa yake moja ni kubwa: vinafutika, na maji ya dawa hayavidhuru haraka. Ubaya wake ni kwamba havitanuki. Ngozi halisi hukubali umbo la mguu baada ya wiki chache, lakini hii hubaki ilivyo mpaka siku inapopasuka pale panapojikunja. Mwenye mfupa uliochomoza pembeni mwa kidole gumba atateseka navyo mpaka mwisho. Jasho nalo halina pa kutokea.

Kuna kundi ambalo wauguzi wengi hulipita bila kulitazama: viatu vya shule vya wavulana wakubwa. Vinapatikana namba 38 hadi 42, vyeusi tii, vya kamba, vipana mbele, na soli yake imetengenezwa kwa ajili ya mtoto anayecheza mpira mapumziko. Vya ngozi huwa kati ya elfu thelathini na tano na sitini, na mara nyingi ni nafuu kuliko kiatu cha kike cha ubora uleule. Matroni hana la kusema. Havina urembo, ni kweli, lakini saa nane usiku wodini hakuna anayeangalia miguu yako. Nunua Februari au Machi, wakati wazazi wameshamaliza msimu wa kufungua shule na maduka yana mabaki. Desemba na Januari bei hupanda.

Kiatu kipya cha ngozi halisi kwa watu wazima kinaanzia kama elfu themanini na kinaweza kuvuka laki na nusu. Ukikitunza kinakwenda miaka miwili, kwa sharti kwamba soli yake inaweza kubadilishwa. Hapa muulize fundi viatu, usimuulize muuzaji. Kiatu ambacho soli yake imeshonwa kinaokoleka. Kile ambacho soli na ubavu vimemiminwa pamoja kwenye mashine, soli ikiisha na kiatu kimeisha.

Viatu vya povu vya kutumbukiza mguu, visivyo na matundu, ni elfu kumi na tano hadi thelathini na tano. Vinaoshwa kwa maji na sabuni vikakauka palepale, kwa hiyo chumba cha upasuaji na leba huvikubali kirahisi kuliko wodi ya kawaida. Siku za mwanzo utadhani unakanyaga godoro. Povu hilo hubonyea likabaki limebonyea, na baada ya miezi kadhaa unakanyaga sakafu kavu bila kujua, kwa sababu juu kiatu bado kinaonekana kipya. Kibonyeze kwa dole gumba pale kisigino kinapokaa: kama hakirudi, muda wake umekwisha.

Mwisho ni vile vinavyouzwa mtandaoni kama viatu maalumu vya wauguzi, vya kuagizwa nje, laki moja na nusu kwenda juu. Vingine ni vizuri kweli. Ila unanunua bila kujaribu, na kwa mguu unaouma kujaribu ndiyo nusu ya bei. Tangazo linasema njoo inbox. Inbox wanataka utume pesa yote kwanza. Kisha kuna pesa ya kuletewa, makato ya kutuma, na kama namba haikukaa, kurudisha ni kwa gharama yako. Ukijumlisha hayo, kiatu cha laki na nusu kinakaribia laki na themanini kabla hujakivaa. Mwenye elfu sitini apite tu.

Mtumba nimeuacha makusudi, kwa sababu una faida kubwa kuliko vyote na mitego mingi kuliko vyote.

Kwa elfu ishirini na tano hadi hamsini, pale soko la Karume au kwenye mnada wa mtaani kwenu, unaweza kupata kiatu cha ngozi ambacho kipya kingekugharimu mara nne. Vingi vilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kusimama kutwa huko vilikotoka, wahudumu wa hoteli, wapeleka barua, wapishi. Nenda siku belo linapofunguliwa, si jioni yake wakati vizuri vimeshachaguliwa na wanaouza upya kwa bei ya juu.

Mtego wa kwanza ni soli iliyokufa ikiwa nzima. Viatu vingi vya kisasa vina tabaka la kati la poliyurethani, plastiki nyepesi iliyojaa hewa. Plastiki hiyo huoza taratibu kwa unyevu na joto, hata kiatu kikiwa kabatini hakijavaliwa. Kinatoka Ulaya kimeshakaa miaka, kinavuka bahari ndani ya kontena, kinafika Dar es Salaam kwenye joto na unyevunyevu. Kwa macho ni kizima. Wiki ya pili wodini soli inamegeka kama mkate mkavu, katikati ya raundi. Njia ya kukikamata: kikunje mara tano kwa nguvu huku ukitazama ubavu wa soli, na ubonyeze kwa ukucha. Ukiona nyufa nyembamba, unga, au unata usio wa kawaida, kirudishe. Muuzaji akikataa usikikunje, umeshapata jibu.

Mtego wa pili ni mguu wa mwenye kiatu wa kwanza. Kiweke juu ya meza, kitazame kwa nyuma. Kama kimeinama upande mmoja au kisigino kimelika zaidi ndani au nje, utaurithi mwendo wa mtu mwingine pamoja na maumivu yake. Kasoro hiyo hairekebishwi kwa kiwi.

Mtego wa tatu ni mdogo na una bei: soli ya ndani ya mtumba itupe. Weka elfu kumi ya soli mpya na elfu tano ya fundi kuongeza mshono pembeni. Kwa hiyo mtumba wa elfu arobaini ni wa elfu hamsini na tano. Panga hivyo tangu nyumbani.

Popote utakaponunua, majaribio ni yale yale matatu, na hayahitaji lugha ya kitaalamu. Bana nyuma ya kisigino kwa vidole: kisibonyee. Kikunje: kijikunje pale vidole vinapoanzia, kisijikunje katikati. Kikamue kama nguo unayoikamua maji: kisijipinde ovyo. Kiatu kilichofaulu hapo kinaushikilia mguu. Kilichofeli, ulaini wote wa ndani haukusaidii.

Halafu namba. Watu wengi wazima wanavaa namba waliyoijua wakiwa kidato cha nne. Mguu hurefuka na kutanuka kwa umri, kwa uzito na kwa ujauzito, na mwanamke aliyejifungua watoto kadhaa huenda ameshavuka namba nzima bila kuambiwa na mtu. Simama juu ya karatasi jioni, baada ya kazi, wakati mguu umevimba kidogo. Chora, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote, pima miguu yote miwili, fuata mkubwa. Ongeza sentimita moja hadi moja na nusu ya nafasi ya vidole.

Namba za Ulaya zina hesabu rahisi: kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita za urefu wa ndani. Namba 38 ni kama sentimita 25.3. Mguu wa sentimita 24 unakaa humo vizuri. Mguu wa sentimita 25 unahitaji 39 au 40, haijalishi ulivaa nini ulipokuwa mwanafunzi. Za Uingereza zinakwenda kwa theluthi ya inchi, na kwenye lundo la mitumba zote zimechanganyika. Usisome namba, toa soli ya ndani usimame juu yake. Vidole vikimwagika pembeni, kiatu ni chembamba, na kuchukua namba kubwa zaidi kutakupa urefu usiouhitaji. Tafuta kiatu kingine kilicho kipana. Nenda na soksi zako za kazini, na karatasi uliyochora mguu. Ukiweka kiatu juu ya mchoro na mstari ukaonekana pande zote mbili, usipoteze muda kukijaribu.

Fundi anaweza kukitanua? Cha ngozi, kidogo, kwa kukiweka kwenye kalibu siku moja au mbili, elfu tatu hadi tano. Cha ngozi ya bandia atakurudishia kimepasuka.

Soli za kuweka ndani nazo ni biashara yenye maneno mengi. Zile za povu jembamba za elfu mbili au tatu zinanyonya jasho tu. Za jeli, elfu kumi hadi ishirini na tano, ni tamu ukizibonyeza dukani, lakini zinajaza kiatu, zinahifadhi joto, na hazishikilii upinde wa unyayo. Kiatu kilichokutosha juzi kinaanza kubana vidole, na sasa una maumivu mawili. Zinazofaa zaidi ni zile zenye umbo gumu kiasi chini, zenye kikombe cha kisigino na kimwinuko katikati, elfu kumi na tano hadi arobaini kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya michezo. Zibonyeze katikati: zikilala bapa, rudisha.

Vipi za kutengenezewa kwa kipimo? Huduma ipo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili wana karakana, na Moshi pale KCMC kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba vya mifupa tangu 1981. Kwa mguu wenye ulemavu, uliovunjika zamani, au wa mgonjwa wa kisukari, hiyo ndiyo njia na usiikwepe. Kwa maumivu ya kawaida ya kisigino, tafiti zilizolinganisha soli za dukani na za kipimo hazikuona tofauti kubwa ya nafuu. Anza na ya dukani. Ukienda kwa za kipimo uliza bei nne, usiulize moja: kumwona mtaalamu, kupimwa, kutengeneza, na kurekebisha zisipokaa. Uliza pia bima yako inalipia ipi kati ya hizo na kama inataka kibali kwanza.

Soksi za kubana za duka la dawa zinasaidia miguu inayovimba na kuwa mizito baada ya zamu ndefu. Kisigino hazikitibu. Mwenye kisukari au matatizo ya mishipa ya damu miguuni amuulize daktari kabla ya kuzivaa.

Tuje kwenye gharama ambazo hazimo kwenye bei.

Ya kwanza ni klorini. Maji ya klorini ya asilimia 0.5 yanayotumika kusafishia damu iliyomwagika ni adui wa ngozi, wa uzi na wa gundi. Wapo wanaofuta viatu nayo kila mwisho wa zamu kwa kudhani ndiyo usafi, na baada ya miezi miwili ngozi imekauka na mshono umeachia. Kiatu kikipata damu, fuata mwongozo wa wodi wa kudhibiti maambukizi, kisha ukifute kwa maji safi na kukipaka rangi kikikauka. Siku ambayo hakikupata kitu, kitambaa chenye maji na sabuni kinatosha. Kama wodi yako inalazimisha kukanyaga kwenye beseni la dawa, basi ngozi ya bandia nzito au kiatu cha povu kisicho na matundu ni bora kuliko ngozi halisi, na hapo ushauri wangu wa mwanzo unageuka.

Ya pili ni viatu vyeupe. Kama hospitali yenu ni ya vyeupe, weka bajeti ya rangi kila mwezi, na ukague kwamba weupe ni wa ngozi yenyewe na si wa kupulizwa juu. Wauzaji hupuliza rangi viatu vya mtumba, nyeupe au nyeusi, vikang'aa. Futa kwa kitambaa chenye maji mahali pa siri. Rangi ikibaki kwenye kitambaa, wodini itabaki kwenye soksi.

Ya tatu ni barabara. Kiatu cha kazini kinachotembea na wewe kwenye matope ya masika na kusimama ndani ya daladala kinaisha mapema, na kinabeba ya wodini mpaka sebuleni kwako. Weka jozi ya bei nafuu ya njiani, kiatu cha kazi kibaki kazini. Ubaya wake unaujua: kabati la kubadilishia nguo lisilo na kufuli. Kufuli ya elfu nne ni sehemu ya bei ya kiatu.

Sasa hesabu ya mwezi, maana bei ya siku ya kununua hudanganya. Simpo ya elfu kumi na tano kwa miezi mitatu ni elfu tano kwa mwezi. Ngozi ya bandia ya elfu thelathini na tano kwa miezi sita ni kama 5,800. Mtumba wa ngozi, 55,000 pamoja na fundi na soli, ukienda mwaka ni kama 4,600. Ngozi mpya ya 110,000 na kubadilisha soli mara moja kwa elfu ishirini, kwa miaka miwili, ni kama 5,400. Ona kitu hapo: zote zinacheza kwenye elfu tano. Ukiilinganisha na mtumba, simpo haikuokolei hata mia, inakuuzia maumivu kwa bei ileile kwa mafungu madogo. Kinachowatenganisha wanunuzi ni nani ana laki leo, na wengi hawana. Ndiyo maana mtumba unashinda.

Wapo wanaokopesha, viatu leo na malipo mwisho wa mwezi mara tatu. Jumlisha kabla ya kukubali. Kiatu cha elfu themanini kwa awamu tatu za elfu thelathini na tano ni laki na tano. Elfu ishirini na tano ya nyongeza ni mtumba mzima. Mchezo wa kupeana wa wodini ni nafuu kuliko hapo.

Na je, lazima ulipe wewe? Tenganisha sare na kinga. Kiatu cheusi cha kawaida ni sare, na hapo inategemea mkataba wako. Kama unapata posho ya sare, uliza utawala kama viatu vimo. Lakini buti za mpira za leba, za chumba cha upasuaji na za kufulia ni vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwekea mwajiri jukumu la kuvitoa pale kazi inapomweka mfanyakazi kwenye vitu vya hatari. Kenya wana sheria yao ya 2007 yenye msimamo huohuo. Usinunue buti za mpira kwa mshahara wako kabla hujaandika kuziomba. Na kama zahanati binafsi inataka kukukata mshahara kwa viatu ilivyokupa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka makato hayo yawe yameruhusiwa kisheria au umeyakubali kwa maandishi. Soma unachosaini.

Kuna mambo yasiyo na bei ambayo yanafanya kazi kuliko soli ya elfu arobaini. Maumivu makali hatua za kwanza asubuhi, yanayopungua ukitembea kisha kurudi jioni, kwa kawaida ni utando wa chini ya unyayo uliochoka. Kabla ya kukanyaga sakafu, kaa kitandani, pitisha kanga chini ya vidole, vivute vidole kuelekea kwako kwa nusu dakika, mara tatu. Mchana simama na mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, mpaka shavu la mguu livutike. Jioni igandishe chupa ndogo ya maji na uisukume kwa unyayo, ukiwa umevaa soksi. Nyumbani usitembee peku kwenye vigae. Inachukua wiki na miezi, siyo siku, na wengi hupona bila sindano. Vidonge vya maumivu vya kila zamu unajua mwenyewe vinavyolifanyia tumbo, figo na presha, maana ndiwe unayewaonya wagonjwa.

Kama mguu mmoja tu umevimba na shavu lake linauma, kama una ganzi, kama una kisukari na kidonda, au kama mfupa unauma mahali pamoja na kuzidi kila siku, pesa ya kiatu igeuze kuwa ya kumwona daktari. Kiatu kitasubiri.

Haya, mfukoni. Ukiwa na elfu ishirini tu, usinunue kiatu: mpe fundi kile cha zamani abadilishe kisigino na kushona, na nunua soli ya ndani yenye kikombe cha kisigino. Ukiwa na elfu sitini, mtumba wa ngozi uliopita majaribio, au cha shule cha mvulana kama huna muda wa kupekua malundo. Ukiwa na laki moja na ishirini, ngozi mpya ya kushonwa, au mitumba miwili ya kupokezana ili kila jozi ipate siku ya kukauka. Mimi ningechukua miwili.

Na ninyi mnaoandika fomu za kujiunga na vyuo na miongozo ya sare: ongezeni mstari mmoja tu baada ya neno "vyeusi". Andikeni soli nene isiyoteleza, upana wa vidole, na kwamba raba nyeusi tupu ya ngozi inaruhusiwa. Mwanafunzi mwenye elfu thelathini atajua anunue nini kabla hajaiharibu kwenye simpo.